Tupeane uzoefu: nini kilikushika ulipokuwa bado katikati ya shida?

Mtoa mada (Mwanga, Kigoma)
Bwana Yesu asifiwe wadau, na wasio wa upande huo habari za leo, wakubwa shikamooni. Naomba tupeane uzoefu ila kuna sharti moja, sitaki ushuhuda wa "sikuwa na kitu sasa nina gari mbili", huo tunausikia kila Jumapili na wala siupingi, Mungu anatoa. Mi nataka ule wa katikati. Yaani deni bado lipo, mgonjwa bado kalala, na we asubuhi unaamka una uhakika Mungu anakupenda na unaenda kufungua biashara. Uhakika huo ulitoka wapi? Neno, mtu, wimbo, au hata hujui?

Nauliza kwa sababu kwetu maiki anapewa aliyevuka. Anayezama anaambiwa tutakuombea. Wakati wale vijana watatu wa Danieli 3 walisema yao kabla ya kutupwa kwenye tanuru, wakamwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza "bali kama si hivyo", hawatasujudu vilevile. Walisema wakiwa hawajui mwisho wake. Hapo ndo huwa nabaki.

Naanza mimi kwa ufupi. Nafanya mawese, nakusanya vijijini napeleka nje ya mkoa. Mwenzangu tuliyekuwa tunachanga naye mtaji akapotea na hela zote na simu kazima. Mke wangu hakuniuliza hela iko wapi, alikuwa anachemsha uji anakaa na mimi pale jikoni, siku moja akanisomea Maombolezo 3, "ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu". Mstari tunaujua wote tunauimba. Sa nikawa nasoma kitabu chote, kumbe huyo mtu analia, Yerusalemu imeteketezwa, watoto wanazimia kwa njaa barabarani, sura ya kwanza kilio, ya pili kilio, katikati kabisa ya kitabu ndo anasema rehema hazikomi, halafu anaendelea kulia tena mpaka mwisho! Hiyo ilinisaidia kuliko mahubiri yote ya mafanikio. Hela sijaipata mpaka leo. Haya karibuni.

Mvuvi wa Katonga
Mkuu mada imenigusa. Mi navua dagaa kwenye boti ya bosi, tunatoka jioni tunarudi alfajiri, tunavua kwa taa, mbalamwezi ikikolea tunapumzika maana dagaa hawavutwi na taa. Kuna usiku upepo wa kusini ulitukuta mbali, injini ikazima, taa ikafuata, tukabaki gizani na kidumu kimoja kilichokatwa mdomo, tunapokezana kuchota maji ndani ya boti na yanaingia tena. Jaketi la kuokolea hakuna. Ziwa letu Tanganyika kina chake kinafika karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi, sa we jifikirie upo juu yake na kidumu.

Sikuomba vizuri siku ile nawaambia ukweli, nilikuwa nasema Yesu Yesu basi. Kulipokucha tukaonwa na wenzetu wakatuvuta.

Ila kilichonishika kilikuja baadaye, maana baada ya pale nilikuwa naogopa maji na sina kazi nyingine. Mchungaji akanifungulia 2 Wakorintho 11, Paulo anasema mara tatu amevunjikiwa jahazi, na "kuchwa kucha nimepata kukaa kilindini". Akaniambia na hapo ile ya Malta kwenye Matendo 27 bado haijatokea. Yaani mtu huyu huyu ndo baadaye akawaandikia Warumi kwamba "wala yaliyo juu, wala yaliyo chini" havitaweza kututenga na upendo wa Mungu. Sikuwa najua kwamba aliyeyasema alishaelea baharini usiku kucha! Nilidhani ni mtu wa vitabu. Basi nikarudi kazini, naogopa lakini naenda, na bado naogopa mpaka leo nikiona mawingu upande ule.

Halafu niseme kitu, 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya usiku ule. Dhoruba inaisha asubuhi. Njaa inaamka na wewe. Nilibeba matofali, nikalima vibarua, kuna siku watoto walikula mihogo mitupu wakalala. Hapo kwenye upendo wa Mungu ilibidi nishikiliwe na wengine, mimi mwenyewe nilikuwa nimeachia.

Mama Dagaa, Kibirizi
Kaka wa Katonga pole sana, hiyo miezi hata sisi wauzaji tulikaa vibarazani tunatazamana tu.

Mimi yangu ni ya maji lakini yalinifuata nchi kavu. Miaka ile ya 2020 na kuendelea ziwa lilipopanda halikuja kwa fujo, unalala maji yapo pale, ukiamka yamesogea, chanja zangu za kuanikia dagaa zikaanza kuelea, baadaye yakaingia chumbani kwenye nyumba niliyopanga. Mume wangu nilishamzika. Nikamkasirikia Mungu nasema wazi, nikawa siendi jumuiya, nikiona wanapita na rozari najifanya nipo chooni.

Jumamosi moja wakaja wote. Hakuna aliyefungua kitabu. Wakavua viatu wakaingia kwenye maji, mwenyekiti wetu wa jumuiya mzee wa watu kakunja suruali magotini kabeba sufuria zangu kichwani, moja ina dagaa wa jana ndani na mchuzi unamchuruzikia shingoni, na yeye anaimba. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu jamani. Kwa hiyo wakiniuliza upendo wa Mungu ukoje mi namkumbuka yule mzee ananuka dagaa. Nikaanza tena kwa kukopa ndoo moja moja, na ujasiri wangu ulikuwa huo tu, kwenda kukopa bila kuangalia chini.

Kijana wa Gungu
Samahanini wakubwa ila upendo wa Mungu haulipi kodi ya nyumba. Mnasema mlishikwa lakini hela haikurudi, mume hakurudi, sa tofauti na asiyeamini ni ipi?

Mtoa mada
Mdogo wangu swali zuri na silikwepi. Kodi hailipi, ni kweli, mi mwenyewe nadaiwa. Subiri wengine waongee, nisije nikakujibu haraka haraka ukaniona mhubiri.

Tarumbeta la Urambo
Mwangaluka wadau. Nipo Urambo, mkulima wa tumbaku, Mmoravian. Kwa msiojua, tumbaku ni kilimo cha mkopo, unachukua mbolea na pembejeo kupitia chama cha msingi halafu unakatwa mauzo yakianza. Mwaka mmoja majani yamekomaa vizuri, mabani ya kukaushia yapo tayari, kuni zimepangwa, ikaja mvua ya mawe kama nusu saa hivi. Nilipotoka nje majani yote yalikuwa kama yamepitishwa kwenye wembe. Tumbaku iliyochanika haina gredi, hakuna wa kuinunua. Mawe yameyeyuka, deni likabaki. Na kwenye kikundi wenzako wanakudhamini kwa hiyo hata salamu inakuwa ngumu, unaona mtu anakuja njiani unakata kushoto.

Sasa mimi ni mpiga tarumbeta wa kwaya. Sisi Pasaka alfajiri tunaenda makaburini kabla jua halijatoka, ni desturi iliyoanza kule Herrnhut Ujerumani mwaka 1732, tunapiga matarumbeta katikati ya makaburi na kutangaza kwamba Bwana amefufuka. Mwaka ule sikutaka kwenda. Nikaenda kwa sababu besi tulikuwa wawili tu na mwenzangu anaumwa, msiniheshimu kwa hilo. Nimesimama karibu na kaburi la baba, mdomo umekauka, noti za kwanza zikatoka ovyo kabisa, kiongozi akaniangalia lakini hakusimamisha wimbo. Kufika ubeti wa tatu nikawa napiga. Giza lipo, watu siwaoni nyuso, nasikia tu sauti zao, na kati yao wapo wale wadhamini ninaowaonea aibu.

Ndugu yangu wa Gungu sijui kama hili ni jibu. Pale sikuahidiwa deni litafutwa. Ila nilijua kwa uhakika kabisa kwamba hata nikifa nadaiwa, sijatupwa. Na mtu akijua hajatupwa anaweza kwenda kwa wadhamini wake akakaa nao akasema jamani sina, tupangeje. Nilienda wiki ileile ya Pasaka. Kabla ya hapo nilikuwa nawaza kuhamia Mpanda usiku. Habakuki 3 inasema "mashamba hayatatoa chakula" na bado anasema atamfurahia Bwana, mi kufurahi sijafika, ila nimebaki Urambo, nalipa kidogo kidogo.

Nafuatilia kimya
Dah. Endeleeni.

Mama wa sikoseli, Isevya Tabora
Nilikuwa sitaki kuandika ila huyo mdogo wetu wa Gungu kanisukuma.

Mwanangu wa pili ana sikoseli. Wanaojua wanajua, baridi ya Juni na Julai hapa Tabora ikija tu silali, maumivu yakianza anashika miguu analia mpaka sauti inakauka, namvalisha soksi, nampa maji mengi, namkanda kwa maji ya uvuguvugu, dawa ya maumivu, ikishindikana ni bodaboda usiku kwenda hospitali na kuanza kutafuta damu. Ameongezwa damu mara nyingi. Na sikoseli inarithiwa kwa wazazi wote wawili, mimi na baba yake kila mmoja kabeba nusu bila kujua, lakini familia ya mume wakasema ni mimi. Na kanisa nililokuwa nasali zamani kiongozi mmoja akaniambia nitafute dhambi iliyo ndani ya nyumba.

Nilifunga mpaka nikaanguka. Nilitubu vitu ambavyo hata sikufanya. Hiyo ndo ilikuwa shida kubwa kuliko ugonjwa jamani, kuamini kwamba Mungu anamchapa mtoto ili anisemeshe mimi.

Aliyenitoa ni nesi, sijui hata dhehebu lake. Nilikuwa wodini nimekaa chini ya kitanda maana juu wamelala watoto wawili, nikamwuliza dada hivi huu ni adhabu? Akaendelea kufunga dripu, akasema mama, wanafunzi walimwuliza Yesu hivyohivyo kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Akajibu "huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake". Kasome Yohana 9. Kisha akaniambia nisogeze mkono niangazie tochi ya simu kwenye mshipa, maana umeme ulikuwa umekatika. Basi. Nililia pale nimeshika simu na mkono unatetemeka mpaka akanigombeza kwamba taa inacheza.

Mwanangu hajapona, anaenda kliniki, anakunywa foliki asidi kila siku, hesabu anapata vizuri. Tofauti uliyouliza mdogo wangu, kwangu mimi ni hii, usiku maumivu yakija sasa hivi namkanda miguu na sitafuti nani mwenye kosa. Namwimbia. Zamani nilikuwa namkanda huku najihukumu, na mtoto alikuwa anaona. Aliwahi kuniuliza mama umenikasirikia?

Mzee wa Ujiji
Assalaam alaykum. Mimi Muislamu nimepita tu kusoma, wanangu mmeniliza. Sisi tunasema baada ya dhiki faraja, ila huyu mama kaieleza faraja iliyo ndani ya dhiki yenyewe. Kuhusu damu, damu haina dini, vijana wenye afya wajitokeze kuchangia, hospitali zinahitaji wakati wote.

Kwaya ya Nyarugusu
Wapendwa nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi nimezaliwa hapa kambi ya wakimbizi, wazazi walitoka Kongo, kambi ilifunguliwa 1996 na bado tupo. Kwenu shida ina tarehe ya kuanza, kwangu mimi ndiyo nyumbani. Mgao wa chakula ulishapunguzwa, kila mwaka kuna habari za kuondoka, kwenda wapi hatujui.

Kwenye kwaya kuna mama mmoja anapenda Zaburi ya 88. Isomeni, inaisha na giza, hakuna aleluya mwishoni kama zingine. Tulimwuliza mama kwa nini unachagua hii, akasema kwa sababu na yenyewe imewekwa kwenye Biblia, maana yake Mungu alikubali isomwe mbele yake. Tangu hapo nikiomba sipambi maneno tena. Namwambia leo nimechoka na maisha haya, halafu naenda mazoezini. Uhakika wangu ni kwamba ananisikiliza mimi mtu wa kambini bila kibali cha mtu yeyote.

Kijana wa Gungu
Nimesoma zote. Sikutaka kuwakwaza. Ukweli nimefukuzwa kazi na wiki hii natolewa chumbani, nyumbani Kasulu siwezi kurudi mikono mitupu. Kuomba siwezi kabisa, nikifumba macho nawaza hela tu.

Mvuvi wa Katonga
Usijilazimishe mdogo wangu. We sema Yesu Yesu kama mi nilivyosema kwenye boti. Bosi wangu anatafuta mtu wa kuanika dagaa na kutengeneza nyavu, kazi ya nchi kavu, malipo ni kidogo sikufichi.

Mama Dagaa, Kibirizi
Mwanangu, kwanza umekula leo? Kesho njoo Kibirizi mapema kabla jua halijawa kali, uliza mama mwenye mwavuli wa kijani karibu na wanaopakia boti, nipo mpaka saa kumi jioni. Nyuma kuna kastoo kangu kana nafasi ya godoro, kananuka dagaa lakini hakavuji. Na wewe wa Katonga mlete huyo bosi wako tuongee naye malipo, asimpunje mtoto wa watu.