Barbara Cook na She Loves Me: B ya juu inabana, tushushe ufunguo?

Jukwaa_Makole
Habari wakuu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Dodoma kinaandaa jioni ya kumuenzi Barbara Cook, mwigizaji na mwimbaji wa Broadway aliyefariki New York tarehe 8 Agosti 2017 akiwa na miaka 89. Wengi wanamjua kwa The Music Man ya 1957, iliyompa tuzo ya Tony. Sisi tunataka She Loves Me ya 1963, igizo la nyimbo ambalo Cook aliigiza kama Amalia, na ambalo naona halijapewa heshima yake. Tumechagua kipande cha Amalia kalala mgonjwa nyumbani, Georg, mfanyakazi mwenzake wa dukani anayegombana naye kila siku, anamletea aiskrimu, hadi mwisho wa wimbo wa "Vanilla Ice Cream".

Ukumbi unaingiza watu kama 150, paa la bati, sakafu ya terazo. Tuna kinanda kimoja cha umeme. Noti ya mwisho, ile B ya juu, dada wa sauti ya kwanza anaifikia ila inatoka nyembamba na kuteremka kidogo. Tushushe ufunguo? Kipande kifupi hivi nacho kinahitaji vibali? Na kwa nini igizo zuri hivi halikuvuma?

Kinanda_Kizota
Mkuu, ufunguo uacheni kwanza. Mkishusha nusutoni tatu (hatua tatu ndogo za kinanda), B inakuwa A flati na mwimbaji atapumua, lakini zile sehemu Amalia anapoandika barua zitazama. Ziko karibu na kuongea, na kwenye terazo sauti ya chini hugeuka mvumo, maneno hayashikiki. Barua isiposikika, wimbo hauna maana.

Kwa maelezo yako, kinachobana ni irabu. Neno la mwisho linaishikilia "i" kwenye noti ya juu kabisa. Waimbaji wa kwaya wengi wamefundishwa kutabasamu wakipanda. Midomo inavutika pembeni, taya linapanda, koo linakaza, sauti inakonda na kushuka. Mfanyisheni hivi: kifungu cha mwisho akiimbe chote kwa "a", taya limeachiwa lishuke. Kisha kwa "e", taya palepale. Kisha arudishe "i" kwa kuinua ulimi peke yake, midomo ikibaki wima. Kwa karibu itasikika kama kitu kati ya "i" na "e", lakini kwa mtu wa safu ya tano ni neno lilelile.

Kitufe cha kuhamisha ufunguo kitumieni kwa mazoezi tu. Anzeni -3. Akiimba mara tatu mfululizo bila kukaza, nendeni -2, kisha -1, kisha 0. Siku ikigoma, rudini hatua moja mkaishie hapo. B ya sauti kamili isirudiwerudiwe jioni nzima. Mazoezi mengine aimbe oktava ya chini.

Pumzi nayo. Kabla ya kifungu cha mwisho watu huvuta hewa nyingi mno, mabega yanapanda, na hewa iliyojaa kifuani inasukuma noti badala ya kuibeba. Avute ya wastani, mbavu zipanuke, mabega yatulie.

Halafu msikilizeni Cook mwenyewe kwenye rekodi ya 1963. Huyu alikuwa ameshaimba nafasi ya Cunegonde katika igizo la Candide la 1956, "Glitter and Be Gay" inayopanda hadi E flati ya juu zaidi, kwa hiyo B haikuwa kilele cha uwezo wake. Akiba hiyo ndiyo inayomfanya aonekane hajitayarishi. Amalia anaandika barua kwa heshima zote kwa rafiki yake asiyemjua, wazo la Georg linamkatiza, anarudi kwenye barua, anakatizwa tena, na ile B ni pale anapokubali kwamba yule mtu aliyekuwa akigombana naye kila siku kabadilika machoni pake. Mwimbaji wenu asiweke kalamu chini kabla ya mstari wa mwisho. Akiiweka mapema na kusimama wima, ukumbi mzima utajua noti inakuja.

Afisa_Mstaafu
Vibali ndiyo, tena viwili tofauti. Mkiimba wimbo peke yake, mtu kasimama kando ya kinanda, bila mavazi wala mazungumzo, hilo ni onyesho la kawaida la muziki, anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mkishaweka kitanda, gauni la kulalia na Georg na aiskrimu yake, mnaigiza tamthiliya, na leseni yake inatolewa na Music Theatre International ya New York. Kiingilio cha bure hakiwaondolei wajibu. Watauliza idadi ya viti, bei ya tiketi na idadi ya maonyesho, mwajibu ukweli. Vitabu vikija vya kukodi vinarudishwa, kwa hiyo alama zote ziandikwe kwa penseli, na kuvitoa fotokopi ni kosa. Kutafsiri au kubadili ufunguo nako kunaombewa ruhusa kwa maandishi. Kwa upande wa nyumbani, pitieni kwa afisa utamaduni wa Jiji, usajili wenu BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) uwe hai.

ZezeNaFidla
Hapo kwenye "halikuvuma" napinga kidogo. Lilifunguliwa ukumbi wa Eugene O'Neill, Broadway, tarehe 23 Aprili 1963 na kufungwa 11 Januari 1964, maonyesho yapata 300. Siku tano baadaye likafunguliwa igizo la Hello, Dolly! lililokuja kuzoa Tony 10. She Loves Me ikapata moja, ya Jack Cassidy aliyeigiza mhusika Kodaly. Cook hakuteuliwa hata kuwania, jambo ambalo mimi naliona aibu hadi leo. Kisha Septemba 1964 watunzi haohao, Jerry Bock na Sheldon Harnick, wakatoka na Fiddler on the Roof, na kazi yao ya nyuma ikafunikwa kabisa.

Sababu ya ndani ni umbo lake. Duka la manukato Budapest, wafanyakazi wachache, hakuna jeshi la wachezaji, na nyimbo zimeshonwa ndani ya kitendo kiasi kwamba ukiung'oa mmoja unapoteza nusu yake. Kwa watu 150 udogo huo ni faida. Kwenye ukumbi mkubwa lingewapotea.

Ila kuanzia kitandani moja kwa moja ni kosa. Mtu asiyejua ugomvi wao haoni kilichobadilika. Ombeni leseni iwaruhusu pia tukio la Amalia kuuza lile kasha la muziki dukani, pale Georg aliposhindana na mwenye duka kwamba haliuziki. Mwageni nguvu zenu hapo.

Jukwaa_Makole
Nashukuru sana. Tutaliomba na la kasha. Ukumbi je? Na aiskrimu ya kweli au ya bandia?

Taa_na_Pazia
Msiweke tarehe kati ya Desemba na Machi. Mvua ikishika bati, hakuna sauti ya binadamu itakayosikika. Juni na Julai ni salama. Ikifika Septemba upepo na vumbi vinakausha koo, basi mwimbaji anywe maji kidogokidogo tangu asubuhi, siyo chupa nzima nyuma ya pazia.

Terazo: mikeka au zulia jukwaani, mablanketi mazito ukuta wa nyuma ya watazamaji, maana huo ndio unaorudisha mwangwi. Fanyeni jaribio mkijua watu 150 wenyewe watafyonza sauti, ukumbi mtupu unadanganya. Spika ya kinanda ikae kando ikiangalia watazamaji. Ikiwa nyuma ya mwimbaji atashindana nayo, na hapo ndipo koo linapokazwa. Maikrofoni simshauri. Mkilazimika, iwe mbali zaidi ya mita moja na ipunguzwe kabla ya B, la sivyo sauti itapasuka.

Aiskrimu ya kweli chini ya taa inayeyuka kabla Georg hajamaliza kuongea, na maziwa yenye sukari yanaacha utando kooni. Tumieni viazi vilivyopondwa laini, baridi, bila chumvi, kwenye chombo kisichoonyesha ndani. Ale kijiko kimoja Georg akiwa bado yupo, anywe maji ya glasi iliyo kando ya kitanda, ndipo achukue kalamu.