Wagosi wa Tanga, tupeane uzoefu: siku gani ugenini ulijulikana kwenu ni wapi?

Habarini za leo ndugu zangu. Mie nipo Mbeya, mwaka wa tisa sasa. Juzi nilisimama sokoni kwa mama mmoja wa viazi, nikasema tu, "Shikamoo mama, hivi wauzaje?" Akaacha kupanga viazi vyake, akanitazama. "Mgosi! Wewe wa Tanga." Sikuwa nimetaja jina wala kabila. Ni ile "wauzaje" iliyonitaja. Nilisikia raha mpaka nikasahau kuomba apunguze bei.

Mgosi kwa Kisambaa ni mwanamume, lakini nchi nzima imeshatupa jina hilo sote, na timu yetu ya mpira, Coastal Union, ndio Wagosi wa Kaya. Marehemu baba alikuwa akinisimulia ubingwa wao wa 1988, anawataja wachezaji mmoja mmoja kama anavyowataja wajomba zangu.

Kwetu ni upande wa Machui, huko huko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na bibi hakutaka lugha ichezewe. Hukuthubutu kusema "nipe maji". Ni "naomba maji ya kunywa, bibi", la sivyo unabaki na kiu yako. Leo wanangu waliozaliwa Mbeya wanasema hivyo hivyo.

Haya, nanyi leteni yenu.

Mchangiaji wa 2
Watu wasidhani Tanga ni pwani tu. Mie Msambaa wa Lushoto, kwetu ni milima, baridi na ukungu. Alfajiri moja nipo stendi Morogoro, mama akanipigia simu, nikamwamkia "Onga makeo". Mzee aliyeketi benchi la nyuma akainuka, akanishika mkono kabla sijakata simu. Wa Bumbuli, miaka mingi hajarudi. Hakuniuliza jina. Aliniuliza kama mapeasi bado yanazaa vizuri, na kama njia ya kwenda sokoni bado inateleza mvua zikinyesha. Tulikaa pamoja mpaka basi lake likaja. Sikupata kumwona tena, lakini kila nikipanda kwenda nyumbani msimu wa mapeasi namkumbuka.

Mchangiaji wa 3
Mie wa Ngamiani, hapo Tanga mjini. Nilipofika Dar, mwenyeji wangu alinielekeza anapokaa, nikamuuliza, "Ni barabara ya ngapi?" Akajua hapo hapo. Sisi mitaa yetu ni namba. Mtu wa barabara ya kumi na mbili ukimpeleka ya tano anahesabu mwenyewe, hapotei.

Mchangiaji wa 4
Mie kwa damu ni Muha. Babu alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja mkongeni kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, wakati Tanganyika inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kuongoza duniani. Mashamba yalikuwa na Waha, Wamakonde, Wanyamwezi, watu wa kila upande. Mkataba ukiisha, wengine walirudi kwao. Babu alibaki, akaoa Mbondei wa Muheza, akapanda michungwa. Bei ya mkonge ilipoporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, kazi zikaondoka, yeye hakuondoka.

Nilipokwenda Kasulu kwa mara ya kwanza kuwaona ndugu, nilijua maneno machache tu ya Kiha. Shangazi alinisikiliza muda mrefu, kisha akawaambia wenzake, "Huyu ni mtoto wetu, lakini ni wa Tanga." Hakulisema kwa ubaya. Nililala nalo usiku kucha. Wanaoiita Tanga "Waja leo, waondoka leo" waniruhusu niseme kwamba sisi tulikuja, na mji ukatufanya wake. Hakuna aliyemwambia babu kuwa si wa pale, na kaburi lake lipo chini ya michungwa ile. Mie hilo ndilo ninalojivunia kuliko taarabu, kuliko Mapango ya Amboni, kuliko bandari.

Mchangiaji wa 5
Nawasalimu kaka zangu. Kwangu haikuanza kwa raha. Nimeolewa Singida, na majirani waliposikia natoka Pangani wakaanza kunong'ona: watu wa Tanga wanaroga, watu wa Tanga wanashika waume. Nilipopeleka sahani ya wali wa nazi na samaki nyumba ya jirani, niliona ikipokewa kwa vidole viwili. Sahani ikarudi tupu, imeoshwa, haikusemwa neno. Niliumia sana, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni kwa chumvi tu.

Mama akaniambia kwa simu, "Mwanangu, wewe pika kama ulivyofundishwa." Basi kila nikipika cha nazi nikawa napeleka. Nikiwakuta wamekaa nje naamkia wakubwa wote, hata wasionijibu. Nikipakua na mtu akapita, namwita, "Karibu tule." Ilichukua mwaka na zaidi. Siku moja jirani yangu akaja mwenyewe mlangoni, sahani yangu mkononi, imejaa karanga za shamba lake. Akasema, "Mama, nifundishe kukuna nazi." Tukakaa kwenye kibao cha mbuzi mimi na yeye, jioni nzima.