Mrejesho: Frodo, pete na yale mliyonishauri

Wakuu, habari zenu. Wiki tatu zilizopita niliwaambia nimemaliza The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, na moyo unaniuma: Frodo, shujaa aliyebebeshwa kazi ya kuiangamiza pete ya uovu, kashindwa kuitupa motoni, kisha kapanda meli akavuka bahari, akamwacha rafiki yake Sam. Asanteni sana kwa kunijibu.

Uliyesema nirudie sura ya Mlima Doom, volkano ambako pete ilipaswa kutupwa, Mungu akubariki. Frodo, ameikamata pete kifuani, anamwonya Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na pete hiyo na bado anaitamani, kwamba akimgusa tena atatupwa motoni. Kurasa chache mbele Gollum anamng'ata kidole, anateleza, anatumbukia na pete. Mara ya kwanza nilipapita mbio! Sasa naamini kilichommaliza Gollum ni kiapo chake cha kumtumikia Frodo, maana aliapa kwa pete hiyo hiyo.

Viambatisho vya mwisho navyo vimenituliza: inasemekana Sam naye alivuka bahari, miaka 61 baada ya Frodo. Nililia.

The Silmarillion, kitabu kingine cha Tolkien, imenishinda, majina mengi mno, nimeishia katikati. Na Tom Bombadil, yule mhusika wa ajabu wa The Lord of the Rings, bado ni fumbo. Tolkien mwenyewe aliandika katika barua ya 1954 kwamba alimwacha hivyo makusudi, basi nadharia zangu juu yake nimezifunga.