Seyyid Hamad bin Thuwaini: siku yake ilifika, au alitiliwa kitu?

Mwenye mada

Assalaam alaykum wakuu. Vikitajwa vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, watu hukimbilia mizinga tu: saa 3:02 asubuhi wa kwanza ukalia, hata saa nzima haikufika kasri likawa kifusi, karibu watu 500 upande wa Khalid, aliyejitangaza Sultani, wamekufa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza baharia mmoja ndiye aliyeumia vibaya. Mimi naomba turudi nyuma siku mbili, Jumanne ya tarehe 25, kabla mtu yeyote hajajaza baruti.

Kiasi cha saa 5:40 asubuhi Seyyid Hamad, Sultani wa Unguja, anafariki ghafla ndani ya kasri. Ana miaka 39. Khalid bin Barghash, kijana wa miaka 22, anaingia kasrini. Yeye na marehemu ni watoto wa ndugu, baba zao wote wana wa Sultani Seyyid Said. Konseli wa Uingereza, Basil Cave, na Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Unguja, wanamwonya atoke, kwa kuwa tangu Unguja iwekwe chini ya himaya yake mwaka 1890 Uingereza ilidai Sultani asikalie kiti bila ridhaa yake. Hatoki. Saa 8:30 mchana maiti imeshazikwa. Saa 9 kamili mizinga ya kasri inapigwa kutangaza Sultani mpya.

Hapo ndipo tuhuma ya sumu ilipozaliwa. Vitabu vingi vinaandika "inashukiwa". Ikifika barazani kwetu, lile "inashukiwa" limeshadondoka njiani, na msimulizi anakwambia "Khalid alimtilia sumu" kama vile yeye ndiye aliyebeba sinia.

Msimamo wangu: kesi hii mbele ya kadhi haifiki adhuhuri. Inasimama juu ya tamaa na haraka ya maziko, basi. Tamaa hakuificha. Mwaka 1893, alipofariki Seyyid Ali, Sultani aliyemtangulia Hamad, Khalid alijaribu vilevile kukikalia kiti, konseli wa wakati ule, Rennell Rodd, akamtuliza. Mbona hatusemi kwamba na Ali alimuua yeye? Mtu yule yule, kitendo kile kile. Na hesabuni vifo: Barghash 1888, Khalifa 1890, Ali 1893, Hamad 1896. Masultani wanne ndani ya miaka minane na ushei, na Khalifa na Ali hawakufika hata 40. Kasri lile halikuhitaji sumu ili mtu afe kijana.

Baharia wa Malindi

Mkuu, unamtetea mtu kwa kuwa mizinga ilimwonea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Jioni ya siku ile ile Khalid alikuwa na watu wapatao 2,800 uwanjani, na 700 kati yao ni askari wa serikali waliomgeukia. Walinzi wa kasri wako chini ya Kapteni Saleh, naye yuko upande wake. Mizinga miwili aliyozawadia Kaiser wa Ujerumani imeelekezwa manowarini. Sasa niambie, askari 700 hugeuka baina ya maziko na magharibi kwa kusikia habari tu? Maneno yale yalishapikwa. Na anayemiliki walinzi wa mlangoni anamiliki na njia ya jikoni. Hilo ulijibu kwanza, hizo hesabu za vifo baadaye.

Mpemba wa Muscat

Mimi naongeza jambo moja kuhusu ukoo. Wal Busaid, ukoo wa masultani hawa wa Unguja na Oman, hawakuwa wageni wa kuuana. Seyyid Said mwenyewe alipata nafasi mwaka 1806 baada ya kumuua binamu yake Badr, kwa jambia. Thuwaini alipigwa risasi Sohar, Oman, mwaka 1866, na aliyenyooshewa kidole, naye ndiye aliyekalia kiti, ni mwanawe Salim. Huyo Thuwaini ndiye baba wa Hamad tunayemzungumza! Kwa hiyo Hamad alikua akijua kwamba baba yake anadhaniwa kuuawa na Salim, ndugu yake Hamad mwenyewe. Sidhani mtu wa namna hiyo alikuwa akinywa kahawa ovyo.

Lakini angalieni namna. Jambia, risasi. Na Barghash alipotaka kumpindua nduguye, Sultani Majid, mwaka 1859 alijifungia katika nyumba ya shamba la Marseilles, hapa hapa Unguja, akapigana, akashindwa, akapelekwa Bombay. Khalid alifanya vilevile alivyofanya baba yake: kuingia nyumbani, kufunga milango, kusubiri mizinga. Sumu si mwendo wao. Simsafishi, nasema haifanani naye.

Kijana wa Ng'ambo

Kwa nini hamwataji Waingereza? Aliyefaidika ni nani? Hamoud, waliyemtaka wao, alikaa kitini, na mwaka uliofuata utumwa ukafutwa kisheria kama walivyotaka. Khalid alipata siku mbili.

Mwenye mada

Ng'ambo, nimelifikiria hilo na limenishinda kulishika. Sababu walikuwa nayo, kweli. Hamad walimruhusu walinzi 1,000, na walinzi wale wakaanza kugombana na polisi waliokuwa chini ya Waingereza, mpaka wakazi wa Kizungu mjini wakalalamika. Lakini tazama hali yao siku ile. Balozi mkubwa, Hardinge, hayupo. Bandarini wana manowari mbili, Philomel na Thrush. Sparrow inafika jioni. Racoon na St George, iliyomchukua Admirali Rawson, hazikuja mpaka kesho yake. Cave ilimbidi apige simu ya waya London kuuliza kama anaruhusiwa kulipiga kasri. Mtu aliyepanga kifo huwa ameshapanga na maziko.

Ninachowashikia Waingereza ni kingine. Waliolivunja lile kasri ndio waliotuandikia habari za mwenye nyumba. Khalid mwuaji anawafaa kuliko Khalid mrithi.

Baharia, hoja yako ya askari ni nzito, sina la kuijibu moja kwa moja. Nakubali kulikuwa na mpango. Mpango wa kuchukua kiti, ndiyo. Mpango wa kuua, bado.

Bint Darajani

Nyote mmesema "alizikwa haraka" kama kwamba haraka ni ushahidi. Mimi nimeosha maiti za wanawake mtaani kwetu miaka mingi, acha niwahesabie. Kuanzia saa 5:40 hadi 8:30 ni saa tatu kasoro dakika kumi. Kumkamua tumbo taratibu, kumuosha, maji yenye majani ya mkunazi, maji ya mwisho yenye kafuri, kumkausha, pamba, sanda nguo tatu: wakiwa watu wanaojua, haizidi saa moja. Kaburi linachimbwa wakati huo huo. Adhuhuri inaingia, anaswaliwa, anatolewa. Kwa mtu aliyefia kasrini, kila kitu kipo karibu, saa tatu ni nyingi. Jirani yangu mvuvi alizikwa kwa saa mbili na hakuna aliyemshuku mkewe. Tena kwetu kumchelewesha maiti ndiko kunakoulizwa.

La pili ndilo ninalotaka mlitie akilini. Mkisema hakuna aliyeupima mwili, mnamfikiria daktari. Mwili ule ulitazamwa kuliko daktari yeyote angeutazama! Muoshaji anaona kucha, anaona midomo, anaona kinachotoka tumboni likikamuliwa, anaona ngozi imekuwaje. Kama kulikuwa na kitu, waliokuwa chumbani wakishika kata na kitambaa walikiona. Na muoshaji anafunzwa mwanzo kabisa: ulichokiona kwa maiti ukisitiri. Mimi nimeona mambo nitakayokufa nayo. Hao wa kasri nao waliyakusanya wakaenda nayo.

Baharia wa Malindi

Bibi, hapo umenikata. Lakini sitara ni ya aibu za maiti. Kumsitiri aliyemuua si sitara.

Bint Darajani

Sema hivyo uwanjani mwanangu, kuna watu 2,800 wenye bunduki na Sultani mpya ameshapigiwa mizinga.

Mpemba wa Muscat

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa humo mpaka tarehe 2 Oktoba. Maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Seeadler ikaletwa hadi mlangoni, akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu arudi, akafia Mombasa 1927. Walikuwa naye mkononi miaka yote hiyo. Hawakumfungulia kesi hata siku moja kwa kifo cha Hamad.

Mwenye mada

Ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo, umeniwahi.

Baharia wa Malindi

Hamjanishinda. Kesi ya nini kwa mtu uliyekwisha kumfunga? Wangemshitaki, angesimama mbele ya watu akajieleza, na jambo la kwanza ambalo angelieleza si Hamad, ni zile dakika 38 za kupigwa kasri. Nani angetaka hilo? Rudini kwa wale askari 700. Aliyezungumza nao kabla ya Jumanne ni nani, na aliwaambia Sultani atakufa lini?