Cheni mpya inalegea kila wiki: je, ni lazima kubadilisha na sproketi zote mbili?

Swali

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa watu waliozoea kazi hii kwa mikono yao. Ninaendesha pikipiki ya cc 125 inayotumia cheni ya 428 yenye pingili 118, sproketi ya mbele ikiwa na meno 15 na ya nyuma meno 45. Kilomita 4,000 zilizopita nilifungiwa cheni mpya, lakini fundi aliniambia kwamba sproketi bado zina meno ya kutosha, tukaziacha zilezile. Mwanzoni hapakuwa na kelele yoyote. Sasa nalazimika kukaza cheni karibu kila wiki, na kinachonitatiza zaidi ni kwamba hailegei kwa usawa: nikizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kuna mahali inakazika sana na mahali pengine inaning'inia. Nikiondoka na mzigo, nasikia mlio wa kugonga upande wa sproketi ya mbele.

Ninauliza mambo mawili. Je, kosa lilikuwa kubadilisha cheni peke yake, au niliuziwa cheni duni? Na je, kwa kuwa napita milimani mara nyingi, ni busara kuweka sproketi ya mbele ya meno 14 nitakapofungua tena?

Jibu la kwanza

Ndugu, kabla ya kuilaumu cheni, tuangalie kwanza inavyochakaa. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakivutiki. Kinacholika ni pini na bushi (mrija mdogo ambamo pini huzunguka) ndani ya kila pingili, na ule upungufu mdogo wa kila pini ukijumlishwa katika pingili 118 ndio unaoonekana kama cheni iliyorefuka. Cheni ya 428 ikiwa mpya ina milimita 12.7 kutoka pini moja hadi pini inayofuata, yaani nusu inchi. Ile tarakimu 4 ya mwanzo inahesabu sehemu za nane za inchi, na ndiyo maana cheni ya 520, inayoanza na 5, ina milimita 15.875. Cheni yako ya zamani ilipokuwa inarefuka, ilikuwa pia inayachonga meno ya sproketi yafuate nafasi ile iliyopanuka. Ukiweka cheni mpya juu ya meno hayo, rola zake, yaani vigurudumu vidogo vinavyokaa juu ya bushi, hazikai vizuri katika mabonde ya meno, na mzigo ambao ungegawanywa kwa meno mengi unabebwa na machache tu. Hapo cheni mpya huanza kulika upesi, na hata cheni ya daraja la juu isingestahimili.

Fanya kipimo hiki kabla ya kununua chochote. Vuta cheni iwe imenyooka, kisha pima kwa rula ya chuma kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21, ili upate pingili 20 kamili. Cheni mpya ya 428 itatoa milimita 254. Ikifika milimita 259, imerefuka kwa takriban asilimia 2, na kwa cheni ya kawaida isiyo na oringi (vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasitoke kwenye pini) hapo ndipo wengi huhesabu kwamba imekwisha. Rudia kipimo sehemu tatu au nne tofauti, kwa sababu pale inapokazika na pale inapolegea hapatakuwa na urefu sawa. Kisha shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kwa vidole kuelekea nyuma: ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, hakuna haja ya kubishana tena.

Sproketi nayo haihukumiwi kwa urefu wa jino. Jino linaweza kuwa refu na bado likawa limekwisha, kwa sababu linalika upande mmoja hadi linalala kama ndoano. Fundi aliyetazama kama meno yapo alitazama kitu kisicho sahihi.

Jibu la pili

Ninakubaliana na maelezo hayo, ila sipendi kanuni ya kutupa vyote vitatu, cheni na sproketi mbili, kila mara bila kupima. Kwa meno 15 na 45, sproketi ya mbele inazunguka mara tatu wakati ya nyuma inazunguka mara moja, kwa hiyo kila jino la mbele hukutana na cheni mara tatu zaidi. Mtu anayebadilisha cheni mapema, kabla haijafika kikomo, akakuta meno ya nyuma yana umbo sawa pande zote mbili, anaweza kuweka cheni na sproketi ya mbele tu. Hali yako si hiyo. Kwa dalili ulizoeleza, badilisha seti nzima.

Kuhusu kazi yenyewe, kosa ambalo nimeona likiwapotezea watu muda mwingi ni kufungua cheni kwanza. Legeza bolti za sproketi ya mbele cheni ikiwa bado mahali pake, gia ikiwa imeingizwa na mtu akiwa amekanyaga breki ya nyuma. Cheni ikishatoka, sproketi huzunguka ovyo na hutapata mahali pa kuizuia. Legeza pia nati za sproketi ya nyuma gurudumu likiwa chini, kabla ya kulitoa.

Usikate cheni mpya kwa kuilinganisha urefu na ya zamani, kwani ya zamani imerefuka. Hesabu pingili. Ukikata, hakikisha ncha zote mbili zinabaki na pingili za ndani, ili kiungo chenye klipu, kile kinachounganisha ncha hizo, kiweze kuingia. Klipu ikae upande wa nje unapoweza kuiona, na ule upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda: kiungo kikiwa sehemu ya juu ya cheni, upande huo utazame mbele, kikiwa chini, utazame nyuma. Klipu iliyogeuzwa inaweza kung'oka ikiguswa na kitu njiani, na cheni inayotoka kwenye mwendo inaweza kufunga gurudumu au kupasua ganda la injini. Mimi huitazama mara mbili kabla ya kunawa mikono.

Jibu la tatu

Niongeze kuhusu meno 14. Uwiano wako wa sasa, yaani meno ya nyuma kugawanywa kwa ya mbele, ni 3.00, kwa 14 na 45 utakuwa 3.21, yaani nguvu ya kuvuta itaongezeka kwa asilimia 7 hivi, na kwa mzunguko uleule wa injini mwendo utapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Cheni ya pingili 118 bado itatosha, kwa kuwa ekseli itarudi nyuma milimita 3 tu. Ila sproketi ndogo huikunja cheni kwa kona kali zaidi, nayo huchakaa haraka zaidi. Kama mzigo na milima ni kazi yako ya kila siku, faida inaizidi hasara. Kama ni mara mojamoja, baki na 15. Kumbuka pia kwamba ikiwa mita ya mwendo inapata taarifa kutoka kwenye gia na si gurudumu la mbele, itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio nao kweli.

Ukitoa gurudumu, tazama raba zilizo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zikiwa zimesagika, sproketi ya nyuma hucheza mbele na nyuma kila unapoachia klachi, na mlio unaousikia unaweza kuwa na sehemu yake huko.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nimepima: mahali palipolegea ni milimita 260, mahali palipokazika ni 257. Meno ya mbele yamelala waziwazi nilipoyatazama kwa tochi, na raba mbili kati ya nne zimekatika. Nimeamua kuweka seti nzima ya 15 na 45 pamoja na raba mpya. Swali langu la mwisho: niikaze kiasi gani, na nipime wapi?

Jibu la kwanza

Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako au kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni mchezo (umbali ambao cheni hupanda na kushuka ukiisukuma kwa kidole) wa milimita 20 hadi 30, ukipima katikati ya sehemu ya chini ya cheni. Zungusha gurudumu taratibu na upime pale panapokazika zaidi, kamwe si pale panapolegea. Kama kuna kosa la kufanya, afadhali ilegee kidogo kuliko kukaza kupita kiasi, kwa kuwa pikipiki inaposhuka nyuma kwa mzigo wako, umbali kati ya sproketi mbili huongezeka, na cheni isiyo na nafasi huzivuta beringi za gurudumu na za shafti ya gia hadi ziharibike.

Alama za pande mbili za ekseli si za kuaminika kila wakati. Pima kutoka kwenye bolti ya egemeo la mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, vipimo vilingane. Kisha chuchumaa nyuma na utazame kama cheni inaingia katikati ya meno bila kuegemea upande mmoja. Kaza nati ya ekseli, kisha pima mchezo upya, kwa sababu kukaza nati mara nyingi huubadilisha. Tia mafuta upande wa ndani wa cheni, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Vidole vingi vimepotea kwa watu waliofanya hivyo gurudumu likizungushwa na injini. Cheni mpya hulegea kidogo inapojizoeza, kwa hiyo ikague tena baada ya kilomita 300 hadi 500.