Oili ya difu ya LSD: tupeane uzoefu kabla sijafungua bolti

Tairi Kipara
Wakuu, leo nimelala chini ya gari nikakumbuka gari yangu ya kwanza. Kila nikikata kona kali ya kuegesha, nyuma inakoroma kama inatafuna kokoto. Hii ya sasa nayo difu yake (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi 2) ni LSD, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake, na muda wa kubadili oili umefika. Mliopitia semeni: oili ya gia ya daraja la GL-5 ya kawaida au lazima ile yenye maandishi ya LS, yaani ya difu za LSD?

Nyundo Kilo Moja
Weka GL-5 yoyote. Oili ni oili.

Mama Spana
Hiyo "oili ni oili" ndiyo iliyonitoa machozi. Fundi wangu alijaza GL-5 tupu, isiyo na dawa ya kupunguza msuguano. LSD yangu ni ya plati za klachi. Kwenye kona tairi la nje linazunguka zaidi ya la ndani, kwa hiyo zile plati lazima ziteleze kidogo. Bila dawa zinang'ang'ania, zinaachia, zinang'ang'ania tena. Ndiyo hizo kokoto. Siku ya 3 nikajua ekseli inakatika. Kumrudia fundi, ananiambia gari ya zamani hiyo, zoea. Nizoee! Nikamwaga mwenyewe, nikajaza oili ya LS ya uzito wa 75W-90, nikatafuta uwanja mtupu nikawa nazunguka namba 8 polepole mpaka dawa iingie kati ya plati. Watu wakadhani najifunza kuendesha. Kelele ikaisha.

Gia ya Tatu
Namba 8 ni kweli kabisa.

Kimya Kimya
Mimi nilitia chupa 2 za dawa badala ya 1, eti niwe na uhakika. Kelele ikaisha, na LSD nayo ikaisha. Kwenye tope tairi moja linasaga, lingine linatazama tu.

Nyundo Kilo Moja
Mimi LSD, mwaka wa 6 huu, GL-5 tupu, haijalia hata siku moja. Mnapenda kutumia hela.

Mama Spana
Yako ya plati au ya gia tupu kama Torsen? Ya gia haina plati za kulia.

Nyundo Kilo Moja
Sijawahi kuifungua.

Mama Spana
Haya.

Mzee wa Jeki
Mmenitonesha kidonda. Nilitaka kusikiliza difu, nikainua tairi moja la nyuma, nikawasha, nikaingiza gia, nikashuka. Difu ya kawaida lingezunguka lile la juu tu. Mimi sikujua kwamba ni LSD! Tairi la chini likashika ardhi, gari ikaruka kutoka kwenye jeki, ikaondoka peke yake na mlango wazi. Nikaikimbilia na spana mkononi, sijui nilitaka kuifanya nini. Ukuta ndio ulioisimamisha.

Gia ya Tatu
Ukuta wa nani?

Kimya Kimya
Pole mzee. Ukuta wa nani?

Bolti Sugu
Turudi kwenye oili jamani. Kipara, fungua bolti ya kujazia KWANZA. Mimi nilimwaga yote, ya juu ikagoma, gari ikalala pale siku 4. Na hiyo itakayobaki usiitie kwenye giaboksi ya manyo inayotaka GL-4, dawa za GL-5 nyingine zinakula shaba ya ndani.

Gia ya Tatu
Kwangu 75W-140, gari inavuta trela.

Mama Spana
Kitabu chake kikisema 90, aweke 90.

Tairi Kipara
Kitabu kimeandika 75W-90 ya LSD. Ila gari ni ya mkononi, nitajuaje kama difu haijabadilishwa?

Bolti Sugu
Zima injini, weka nyutro, weka vizuizi kwenye tairi za mbele, inua ZOTE 2 za nyuma juu ya stendi. Zungusha moja kwa mkono. Lingine likifuata upande huohuo, ni LSD. Likienda kinyume, mara nyingi ni ya kawaida, ingawa plati zilizochoka nazo hudanganya.

Gia ya Tatu
Zote 2, Kipara. Muulize mzee.

Kimya Kimya
Mzee hajajibu. Ukuta wa nani?

Mzee wa Jeki
Wa baba mkwe.