Nina miaka 33, niko Moshi: naomba ushauri wa kuanza taekwondo mpaka mkanda mweusi

MamaBinti_Pasua aliandika:

Habari za jioni wadau. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Naishi Pasua hapa Moshi, nina mtoto mmoja, kazi yangu ni kuuza duka la dawa. Nasimama kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mwaka huu binti yangu wa miaka 9 alianza taekwondo na wenzake wa mtaani, nikawa nampeleka na kumsubiri kwenye benchi. Siku moja mwalimu akaniambia, "Mama, saa nzima umekaa tu, si uvue viatu uingie?" Nikaingia. Sijacheza mchezo wowote tangu shule ya msingi, lakini nilirudi nyumbani nimelowa jasho, na usingizi nilioupata usiku ule nilikuwa nimeusahau.

Sasa nina miezi mitatu na mambo mawili yananinyima raha. La kwanza ni goti la kushoto. Nikipiga teke la kuzungusha kwa mguu wa kulia, goti la huu mguu niliosimamia linauma upande wa ndani, na kesho yake nashuka ngazi huku nimeshika ukuta. Tunafanyia kwenye sakafu ya saruji, miguu peku.

La pili ni mwalimu. Wiki iliyopita alituita sisi watu wazima pembeni, akasema Desemba kutakuwa na mtihani wa mkanda mweusi, kila mtu atoe laki tatu na nusu, cheti atakichapisha yeye. Mimi nina mkanda mweupe! Nikamuuliza cheti hicho kinatambuliwa wapi na huu tunaojifunza ni mtindo gani. Akasema mwanafunzi mwenye adabu hamuulizi mwalimu maswali hayo. Wenzangu wawili wameshaanza kulipa kidogo kidogo.

Naomba kujua kama kwa umri huu nimechelewa, na mtu anayefanya mara tatu kwa wiki huchukua muda gani kuupata mkanda mweusi wa kweli. Na mtoto nimtoe pale? Anaupenda huu mchezo kupita kiasi. Kwenye daladala njia nzima anahesabu kwa Kikorea, hana, dul, set, net, mpaka konda anamjua.

Fundi_Ngarenaro alijibu:

Pole dada. Nianze na goti, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Acha kurusha hilo teke mpaka ujue mguu uliosimamia unafanya nini.

Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha. Nilianza nikiwa na miaka 36, leo nina mkanda mwekundu, na goti langu liliuma palepale unapopasema. Kosa langu lilikuwa moja: unyayo ulikuwa umeganda chini kama nguzo, huku nyonga na kiwiliwili vinageuka. Nyonga ikigeuka na unyayo usigeuke, mahali pa kupindika panabaki goti tu, na goti liliumbwa kukunjwa na kunyooshwa, si kusokotwa.

Fanya hivi, taratibu, ukiwa umeshika kiti. Simama kwa mguu wa kushoto. Inua goti la kulia mbele yako, juu, kisigino kikiwa karibu na paja, usirushe chochote bado. Sasa nyanyua kisigino cha kushoto kidogo sana, kama karatasi inaweza kupita chini yake, na uzunguke kwa mpira wa unyayo mpaka kisigino hicho kitazame kule unakotaka kupiga. Utaona nyonga imegeuka yenyewe na goti la kulia limelala ubavu. Hapo ndipo mguu unafunguka kutokea gotini, unagusa, unakunjwa tena, unarudi chini. Dollyo chagi, yaani hilo teke la kuzungusha, yote ni hiyo. Mimi nilifanya wiki tatu bila kupiga kitu, asubuhi mara ishirini kila upande kabla sijawasha cherehani.

Saruji nayo inachangia, maana peku kwenye saruji yenye vumbi unyayo unanata unapotakiwa kuzunguka. Mwanzoni nilifanyia kwenye tailizi nikiwa na soksi nyepesi, mkono umeshika ukuta. Bila kushika usijaribu, utaanguka.

Na miezi ya baridi upashe mwili moto mara mbili ya kawaida. Juni huku Arusha alfajiri ukipumua unaona mvuke. Nyonga iliyopoa usiilazimishe kwenda juu. Teke la kiunoni lililo sahihi ni bora kuliko la kichwani linalovunja goti.

Mpita_Njia_Sakina alijibu:

Dada nakuheshimu, ila kwa miaka 33 na kazi ya kusimama kutwa, hayo mateke ya nini? Kimbia. Moshi mna mbio za Kilimanjaro kila mwaka, barabara ni bure, wala hakuna wa kukudai laki tatu.

Mwalimu_Kiboriloni alijibu:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nafundisha taekwondo, nina dan ya 2, yaani ngazi ya pili ya mkanda mweusi. Nimesoma maelezo ya dada mara mbili, yameniumiza.

Umri kwanza: hujachelewa. Anayechelewa ni yule anayetaka kuingia timu ya taifa. Mkanda mweusi hauna mwisho wa miaka. Kaka wa Sakina, mbio ni nzuri, na mimi nawakimbiza wanafunzi wangu, lakini dada ameshapata mchezo unaompa usingizi na anaocheza pamoja na mtoto wake. Hicho ni kitu cha kukilinda.

Sasa mpangilio. Kabla ya mkanda mweusi kuna ngazi 10 zinazoitwa geup, unaanzia ya 10 unashuka mpaka ya 1. Rangi tunazotumia wengi ni nyeupe, njano, kijani, bluu, nyekundu, na katikati yake mikanda yenye mstari wa rangi inayofuata. Ukifanya mtihani kila baada ya miezi mitatu au minne, piga hesabu mwenyewe: ni miaka miwili na nusu hadi mitatu na kitu kwa anayekuja mara tatu kwa wiki bila kukatisha. Ukiugua, ukisafiri, ukiuguza, ni mitano, na hakuna ubaya. Korea mtoto anayekwenda ukumbini kila siku anaweza kuufikia kwa mwaka mmoja na kitu, kwa hiyo kuwahi peke yake si uongo. Uongo ni kuruka kutoka mweupe kwenda mweusi kwa risiti.

Baada ya hapo zinaanza dan. Kwa utaratibu wa Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyojengwa Seoul mwaka 1972, kutoka dan ya 1 kwenda ya 2 unasubiri angalau mwaka mmoja, ya 2 kwenda ya 3 miaka 2, ya 3 kwenda ya 4 miaka 3. Vyeti vya geup mwalimu anaweza kuvitoa klabuni kwake, hilo ni kawaida duniani kote. Cheti cha dan kwa mtindo wa Kukkiwon hutolewa na Kukkiwon yenyewe na kina namba yake. Mwalimu anapendekeza, hachapishi.

Mtindo unaupata kwa swali dogo tu, wala halivunji adabu: "Poomsae ya kwanza inaitwaje?" Poomsae ni mfuatano wa miondoko unaokaririwa. Akisema Taegeuk Il Jang, mko upande wa Kukkiwon na World Taekwondo, ambao ndio wa Olimpiki. Akisema Chon-Ji, mko upande wa ITF, shirikisho lingine la taekwondo, lile la Jenerali Choi Hong Hi lililoanzishwa mwaka 1966. Wao mifuatano yao huiita tul, iko 24, na vyeti vyao vya dan vina njia yake. Pande zote mbili zina walimu wa kweli. Asiyekuwa na jibu lolote ndiye wa kumwogopa.

Adabu tunaifundisha sana. Tunainama tukiingia, tunainama tukitoka, tunamwinamia hata mtoto tunayefanya naye zoezi. Lakini mzazi anayeuliza hela yake inakwenda wapi hajamvunjia mtu heshima. Mimi cheti changu kimetundikwa ukutani pale ninapofundishia, na mzazi anayetaka kunakili namba ananakili.

Hiyo laki tatu na nusu usiitoe. Wale wenzako wawili pia waonyeshe ujumbe huu.

MamaMapacha_Njiro alijibu:

Kuhusu mtoto, nichangie kama mzazi. Wangu walianza wakiwa na miaka 8, sasa wana 13. Mtoto chini ya miaka 15 hapati dan, anapata poom, na mkanda wake una rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Mtihani unafanana na wa wakubwa, na akifika umri poom inabadilishwa kuwa dan, haanzi upya. Kwa hiyo mtu akimfunga mtoto wa miaka 9 mkanda mweusi mtupu na kusema ni dan, uliza vizuri.

Usimtoe kwenye mchezo, mhamishe mwalimu. Halafu mwangalie akiwa mazoezini: wanapopigana, wana kinga? Kofia, kinga ya kifua, ya ugoko, ya mdomo. Teke la kichwani lina pointi 3 na la kifuani 2, watoto wakishajua hivyo wote wanatafuta kichwa. Klabu ya kwanza tuliyokwenda watoto walipigana bila kofia, mmoja wangu akarudi na jicho limevimba. Hatukurudi.

Binti akikuuliza kama waafrika wanafika mbali, mwambie habari za Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast. Fainali ya Rio mwaka 2016, sekunde ya mwisho, yuko nyuma kwa pointi, akageuka na teke la kichwa, akaondoka na dhahabu, ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Wangu nimewaonyesha video hiyo mpaka wanaiigiza sebuleni. Na hapo jirani Kenya, Faith Ogallo alikwenda Olimpiki ya Tokyo.

Fundi_Ngarenaro alijibu:

Nimesahau suala la nguo. Dada, usikimbilie kununua ghali. Kwenye mitumba pale soko la Memorial utakutana na nguo za karate, zile za kufunguka mbele, kwa mazoezi zinafaa, ila dobok, nguo yetu ya taekwondo, inavaliwa kwa kichwa na shingo yake ni umbo la V. Fundi yeyote anaweza kukushonea kwa tetroni nyeupe. Mwambie tu suruali aiwekee kipande cha pembe nne katikati ya mapaja, mishono minne isikutane sehemu moja. Bila hicho kipande, siku ya kwanza ukiinua mguu inachanika, na mama wa watu utashindwa kuendelea na zoezi. Kola iache nyeupe, nyeusi ni ya wenye dan.

MamaBinti_Pasua alirudi:

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki mbili. Asanteni, kila mmoja.

Goti: nilikwenda fiziotherapia hospitali ya KCMC, wakaniangalia, hakuna kilichochanika, wakanipa mazoezi ya paja na kuniambia nisipige teke kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo nazunguka kisigino tu, jikoni, nimeshika meza, usiku maharage yakiwa jikoni. Mwanzoni kisigino kilikuwa kinaishia nusu ya njia, nikijiangalia kwenye kioo cha kabati naona vidole bado vinatazama pembeni. Juzi kikafika. Nilijua hata kabla ya kuangalia, maana nyonga ilikwenda yenyewe kama mlango.

Mwalimu: nilimuuliza lile swali la poomsae ya kwanza, kwa upole, baada ya mazoezi. Alisema mambo ya majina ni ya mashindanoni. Nikamshukuru kwa miezi mitatu, kwa sababu ni kweli yeye ndiye aliyenitoa kwenye benchi, nikamchukua mtoto tukaondoka. Mmoja wa wale wawili ameacha kulipa. Mwenzake anasema ameshatoa laki na nusu, bora amalizie. Nimeshindwa kumshawishi, linanikaa moyoni.

Tumepata klabu nyingine, ukumbi una mikeka ya sponji. Cheti kiko ukutani, namba inasomeka. Mwalimu ni binti mdogo kuliko mimi na ananiita mama, lakini kwenye mstari namwinamia kama wengine. Ametuanzisha Taegeuk Il Jang. Kugeuka kushoto, kukinga chini, hatua, ngumi. Miondoko 18, mimi nazijua 6 na binti yangu anazijua zote, na nyumbani sasa yeye ndiye anayenifundisha. Nikikosea ananirudisha mwanzo.

Swali langu la leo ni dogo: mwondoko wa saba mkono unakinga kwa ndani au kwa nje? Mtoto amelala.

Mwalimu_Kiboriloni alijibu:

Kwa ndani, momtong an makki, mkono ule wa upande wa pili na mguu ulio mbele. Ngumi iishie mbele ya katikati ya kifua, kiwiko kimekunjwa, isivuke kwenda upande wa pili. Lakini kesho asubuhi mwache akuonyeshe mwenyewe, usimwambie kama umeshauliza.